Lori halali Arizona laweza kunyimwa usajili California

NCHINI Marekani, pikapu moja yaweza kuwa halali kabisa ikiwa Arizona, na siku ya pili ikakataliwa usajili baada ya kuvuka mpaka na kuingia jimbo jirani la California. Haijaibwa, haijaharibika, wala mwenye kuiuza hakughushi hati. Ila imefika mahali ambapo moshi wa gari hutawaliwa na sheria tofauti.

Kwa mtu anayetegemea gari kupata riziki, jambo hili si dogo. Fundi wa mabomba, mjenzi au msafirishaji mdogo huweka akiba yake yote katika chombo hicho. Miongoni mwa watu hao wamo wahamiaji, Wakenya wakiwemo, ambao wamezoea kwamba gari likishalipiwa ushuru na kupata hati, kilichobaki ni kulijaza mafuta tu. California haiendi hivyo, na asiyejua kanuni zake kabla ya kulipa huishia kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Chukulia mfano wa fundi anayeishi Los Angeles ambaye ameona tangazo la pikapu ya dizeli huko Arizona. Gari limetembea maili 5,000 tu, rangi yake ingali inang'aa, na bei iko chini ya zile za nyumbani kwa maelfu ya dola. Analipa, anaiendesha hadi kwake, kisha anakwenda katika Idara ya Magari ya jimbo, ijulikanayo kama DMV, kuomba nambari za usajili. Karani anasoma maili, anauliza kuhusu lebo iliyo chini ya boneti, na kulikataa ombi. Sababu yaweza kumshangaza mnunuzi yeyote wa mitumba: gari hilo ni jipya mno.

Kanuni ya maili 7,500

Kwa mujibu wa sheria ya California, gari ambalo limetembea chini ya maili 7,500, yaani takriban kilomita 12,000, wakati mkazi wa jimbo hilo anapolinunua, huhesabiwa kuwa jipya. Haidhuru limewahi kusajiliwa kwingineko kwa jina la mtu mwingine. Na gari jipya haliwezi kusajiliwa California ila liwe limeundwa na kuidhinishwa kwa viwango vya moshi vya jimbo hilo. Lile lililoidhinishwa kwa viwango vya serikali kuu ya Washington pekee, ambalo wafanyabiashara huliita gari la majimbo 49, hukataliwa.

Kanuni hii iliwekwa ili kuziba mwanya. Bila hiyo, mtu angenunua gari jipya upande wa pili wa mpaka, akalisajili huko kwa siku chache, kisha akaliingiza California kwa kisingizio kwamba limekwisha kutumika. Viwango vya jimbo vingebaki maandishi matupu.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kulizungusha gari barabarani hadi mita ya dashibodi isome 7,500. Hilo halisaidii. Maili zinazohesabiwa ni zile za siku ya ununuzi, si za siku ya kwenda kusajili. Aliyenunua gari likiwa na maili 5,000 amelinunua likiwa jipya machoni pa sheria, hata akilipeleka DMV likiwa na maili 20,000.

Sheria imeweka misamaha michache. Mtu anayehamia California kutoka jimbo jingine huruhusiwa kuja na gari alilokuwa amelisajili katika makao yake ya awali. Hali kadhalika, husamehewa gari lililopatikana kwa urithi au kwa mgawanyo wa mali baada ya talaka, na lile lililonunuliwa ili kuchukua nafasi ya gari lililoibwa au kuharibika kabisa mwenyewe akiwa nje ya jimbo. Wanajeshi waliopelekwa majimbo mengine nao wana nafuu yao. Aliyetoka nyumbani kwa hiari yake kufuata bei ya chini hamo katika orodha hiyo.

Ukungu uliozaa sheria

Ili kuelewa ukali huu, sharti turudi nyuma hadi mwezi Julai mwaka wa 1943. Los Angeles ilifunikwa na ukungu mzito uliowasha macho na kuwakereketa watu koo. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto, na baadhi ya wakazi wakadhani Japani imewashambulia kwa gesi ya sumu. Lakini ukungu ule uliendelea kurudi, hata baada ya vita kumalizika.

Mapema katika miaka ya 1950, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, wa taasisi ya Caltech, alionyesha chanzo chake. Mvuke wa petroli ambao haukuungua vyema pamoja na oksidi za nitrojeni zitokazo kwenye bomba la moshi vilikuwa vikikutana na jua kali na kuzaa ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Mji huo umezungukwa na milima, na mara nyingi tabaka la hewa yenye joto hukaa juu yake mithili ya kifuniko cha chungu. Moshi haukuwa na pa kutokea. Adui hakuwa ametoka ng'ambo ya bahari. Alikuwa ameegeshwa mbele ya kila nyumba.

Mnamo 1967, gavana wa wakati huo, Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alitia saini sheria iliyounda Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, kwa kifupi CARB. Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo, bunge la Marekani liliruhusu California kuomba idhini ya kujiwekea viwango vyake vya magari mapya, ruhusa ambayo jimbo jingine lolote halikupewa. Mnamo 1977, majimbo mengine yaliruhusiwa kuchagua kati ya viwango viwili tu: vya Washington au vya California. Hakuna jimbo linaloweza kubuni vya tatu.

Hii ndiyo sababu kuna gari la majimbo 49. Na ndiyo sababu gari lililouzwa mara ya kwanza New York au Massachusetts, majimbo yaliyofuata viwango vya California, lina matumaini zaidi ya kukubaliwa kuliko lililouzwa kwingineko. Hata hivyo, matumaini si ushahidi.

Boneti ifunguliwe

Ushahidi ni lebo ya udhibiti wa moshi ambayo kiwanda hubandika chini ya boneti. Ikiwa lebo hiyo yasema gari limekidhi kanuni za California, au kwamba laweza kuuzwa katika majimbo yote 50, kikwazo cha maili 7,500 hakipo. Ikiwa inataja viwango vya serikali kuu peke yake, mnunuzi aliye mkazi wa California na ambaye gari lake halijafika maili hizo hana budi kutia pesa zake mfukoni na kurudi nyumbani.

Jambo hili huwakwaza wengi kwa sababu pikapu mbili za aina moja, za mwaka mmoja na zilizotoka kiwanda kimoja, zaweza kuwa na lebo tofauti. Kwa macho hazitofautiani. Kwa hiyo, picha za nje ya gari zinazotumwa na muuzaji hazitoshi. Picha ya lebo na picha ya maili kwenye dashibodi ndizo za kudaiwa kwanza.

Gari lililofikisha maili 7,500 au zaidi siku ya kununuliwa huhesabiwa kuwa la mtumba. Hilo halizuiwi na lebo ya serikali kuu. Lakini kabla ya kusajiliwa lazima lipite mlango wa pili: ukaguzi wa moshi.

Kilichong'olewa hakijifichi

Ukaguzi huo huwahusu wenye magari ya petroli ya kuanzia mwaka wa 1976, na magari ya dizeli ya kuanzia 1998 ambayo uzito wake wa juu ulioidhinishwa na kiwanda, yaani gari pamoja na shehena, hauzidi pauni 14,000, takriban kilo 6,350. Pikapu kubwa za dizeli zinazopendwa na mafundi, kama vile Ford F-250 na Ram 2500, zimo katika kundi hili. Wakazi wenye magari ya petroli ambayo bado ni mapya husamehewa ukaguzi wa kila miaka miwili, lakini msamaha huo hauligusi gari linalosajiliwa California kwa mara ya kwanza kutoka jimbo jingine. Vilevile, cheti cha ukaguzi kilichotolewa na jimbo jingine hakikubaliwi. Sharti kitoke katika kituo chenye leseni ya California.

Mkaguzi huunganisha mitambo yake na kompyuta ya gari na kusoma hitilafu zilizohifadhiwa humo. Kisha hufungua boneti na kuinama chini ya gari kutazama kama kila kifaa cha kudhibiti moshi kilichowekwa na kiwanda kingali mahali pake. Kipuri kilichobadilishwa na chenye uwezo wa kuathiri moshi lazima kiwe na nambari ya idhini ya CARB. Tangu Julai 2021, wakaguzi huchunguza pia iwapo programu ya kompyuta ya injini imechezewa.

Hapa ndipo pikapu nyingi za dizeli kutoka majimbo mengine hukwama. Injini za kisasa za dizeli zina kichujio cha kunasa masizi, vali inayorejesha sehemu ya moshi ndani ya injini, na mfumo unaonyunyizia moshi majimaji ya urea ili kuvunja oksidi za nitrojeni. Vifaa hivi vikiziba au kuharibika, matengenezo yake ni ghali. Baadhi ya wamiliki huamua kuving'oa na kuidanganya kompyuta kwa programu mpya, ama kukwepa gharama ama kuongeza nguvu za injini.

Katika ripoti yake ya Novemba 2020, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vifaa hivyo katika muda wa takriban mwongo mmoja. Kufanya hivyo ni kinyume cha sheria katika nchi nzima. Ila katika jimbo lisilokagua moshi, mwenye gari anaweza kukaa miaka bila kuulizwa. Florida, kwa mfano, iliacha ukaguzi wa moshi mwaka wa 2000. Deni lake hulipwa na mnunuzi wa California, na kurejesha vifaa vilivyong'olewa huweza kumeza maelfu ya dola, pengine zaidi ya kile alichodhani ameokoa.

Kufuta hitilafu kwenye kompyuta au kung'oa betri asubuhi ya ukaguzi hakusaidii. Kompyuta huhitaji gari liendeshwe kwa muda ili ijipime upya, na mkaguzi huona wazi kwamba kipimo hicho hakijakamilika.

La kuzingatia zaidi ni kwamba muuzaji wa ndani ya California ana wajibu wa kisheria kumpa mnunuzi cheti cha ukaguzi wa moshi. Muuzaji wa jimbo jingine hana wajibu huo. Mkataba wake aghalabu husema gari linauzwa jinsi lilivyo, na mnunuzi hubaki na mzigo peke yake.

Malori mazito yana sheria yake

Anayetaka lori la dizeli linalozidi pauni 14,000 huingia uwanja mwingine kabisa. Kanuni ya CARB iliyopitishwa mwaka wa 2008 ilianza kuyaondoa barabarani malori yenye injini kuukuu hatua kwa hatua. Tangu Januari 2020, DMV imekuwa ikikataa kusajili malori yasiyotimiza kanuni hiyo. Kufikia Januari 1, 2023, takriban kila lori la aina hiyo lilitakiwa liwe na injini ya mwaka wa 2010 au baadaye. Msamaha uliopo kwa malori yanayotumika mara chache huishia maili 1,000 kwa mwaka ndani ya California, kiasi ambacho msafirishaji hawezi kujipatia mkate nacho.

Mtego hapa umo katika mwaka wenyewe. Kinachotazamwa ni mwaka wa injini, si mwaka wa lori. Mara nyingi watengenezaji huweka injini ya mwaka uliotangulia katika lori la mwaka mpya. Lori lililoandikwa 2010 katika hati za umiliki laweza kubeba injini ya 2009, na mwaka huo mmoja unatosha kuligeuza chuma chakavu mbele ya karani wa California. Mnunuzi asome kibao cha injini yenyewe, asitegemee hati ya umiliki.

Fauka ya hayo, mwaka wa 2023 jimbo lilianzisha mpango mwingine wa kufuatilia malori hayo. Mwenye lori hutakiwa kulisajili katika mtandao wa CARB, kulipa ada ya kila mwaka, iliyoanza kwa dola 30, na kuwasilisha matokeo ya vipimo vya moshi. Kwa malori ya kazi yaliyosajiliwa California, vipimo hivyo ni mara mbili kwa mwaka. Asiyetimiza hayo huzuiliwa usajili.

Ukali huo una sababu. Mwaka wa 1998, California iliyaorodhesha masizi ya dizeli miongoni mwa sumu za hewani. Mnamo 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni wale wanaoishi kandokando ya barabara kuu na karibu na bandari za Los Angeles na Long Beach, ambako malori hupita usiku na mchana, pamoja na madereva wenyewe.

Kodi isiyoandikwa kwenye tangazo

Hata gari likipita milango yote hiyo, hesabu haijaisha. Mkazi wa California anayenunua gari Oregon, jimbo lisilotoza kodi ya mauzo, hufurahi kwamba amekwepa kodi. Furaha hiyo hukoma DMV, ambako hutozwa kodi ya matumizi. Kiwango cha chini ni asilimia 7.25, na maeneo mengi huongeza chake. Aliyelipa kodi katika jimbo jingine hupunguziwa kiasi alicholipa. Aidha, pikapu husajiliwa California kama gari la biashara na hutozwa ada ya uzito, hata kama mwenyewe huitumia kupeleka watoto shuleni.

Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema. Katika suala hili tahadhari ina mpangilio wake. Kwanza, mnunuzi ajue uzito ulioidhinishwa wa gari, maana huo ndio unaoamua ni sheria ipi itakayolihusu. Pili, apate picha za lebo ya moshi, maili na kibao cha injini. Tatu, amlipe makanika asiyehusiana na muuzaji, huko huko gari liliko, alichomeke kwenye kompyuta na kukagua kama kichujio, vali na mfumo wa urea vipo na vinafanya kazi. Nne, aongeze kodi na ada kwenye bei kabla ya kuilinganisha na ya nyumbani. Malipo yawe jambo la mwisho. Malipo ya makanika kwa saa moja ya kazi ni kidogo mno yakilinganishwa na gari lisilosajilika.

Mabishano kati ya California na Washington hayajaisha. Juni 12, 2025, Rais Donald Trump alitia saini maazimio matatu ya bunge ya kufuta idhini za California kuhusu magari mapya na malori mapya ya miaka ijayo, na jimbo likakimbilia mahakamani. Mvutano huo ni juu ya yale yatakayouzwa na viwanda. Haukumpa mnunuzi wa pikapu kuukuu ruhusa ya kukwepa ukaguzi wa moshi.

Kenya nayo

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali kuona uhusiano. Kenya hulinda mlango wake kwa kipimo cha umri: kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000 hukataa gari la mtumba lililozidi miaka minane, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Ndiyo maana pikapu ya California, ambayo usukani wake uko kushoto, haiwezi kusafirishwa hadi Mombasa na kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida.

Lakini umri haumwambii mtu kilichomo chini ya boneti. Gari la miaka mitano laweza kuwa limeng'olewa kifaa cha kusafisha moshi, na la miaka minane likawa limekamilika. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, ilisema mwaka wa 2020 kwamba magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na kwamba takriban asilimia 40 yake yalikwenda Afrika. Mengi yalikuwa hayafikii hata viwango vya chini vya usafi wa hewa.

Gari linalokataliwa mahali pamoja halitoweki. Hutafuta mpaka ulio wazi na mnunuzi asiyeuliza. Fundi wa Los Angeles anayedai picha ya lebo kabla ya kutuma pesa hulinda akiba yake. Mnunuzi wa Mombasa au Nairobi anayemtaka makanika wake achungulie chini ya gari, aone kama kifaa cha kusafisha moshi kingalipo, hulinda akiba yake pia, pamoja na mapafu ya mtoto anayesubiri matatu kando ya barabara.